Bunduki ya Lugalo? Tuzisome Chapa Kwanza

Kamwene, watazamaji wangu. Leo nipo nje kidogo ya mji wa Iringa, kwenye kibaraza cha mzee mmoja ambaye ameniruhusu kuikagua bunduki aliyoirithi kwa baba yake, na ndiyo hii mnayoiona mezani. Kabla sijaanza, naomba mwone kwamba bolti, yaani kile chuma cha kufunga nyuma ya risasi, imetolewa na chemba, pale risasi inapokaa, ni tupu. Mwenye mali anayo leseni yake, na namba ya bunduki nimeiziba kwa plasta makusudi, kwa kuwa namba ya silaha ya mtu si kitu cha kurusha mtandaoni.

Yupo mtu anayetaka kuinunua, polisi wakiridhia umiliki uhamishwe, na ameambiwa kwamba hii ni mojawapo ya bunduki ambazo Wahehe waliziteka Lugalo tarehe 17 Agosti 1891, siku ambayo majeshi ya Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, yalikiangamiza kikosi cha Wajerumani kilichoongozwa na Emil von Zelewski. Bei iliyotajwa ni ya bunduki ya Lugalo, si ya bunduki kuukuu ya kufukuzia nguruwe shambani. Mnunuzi ameniomba niichambue kabla hajatoa hata shilingi moja, na mzee mwenyewe amekubali kwa moyo mweupe, kwa sababu naye hadithi hiyo aliipokea tu.

Tuanze na sehemu ambayo kwa bunduki ya aina hii husema zaidi kuliko zote, yaani shingo ya chuma iliyo nyuma ya mkono wa bolti, upande wa kulia, pale chuma kinapokutana na mbao ya kitako. Chapa zimelika, kwa hiyo nimepaka chaki na kuifuta taratibu ili unga ubaki ndani ya mikato, kisha nikamulika tochi kwa ubavu badala ya kuielekeza usoni pa chuma. Sasa tunaona taji; chini yake herufi G.R.; kisha B.S.A. Co., mwaka 1917, SHT. L.E., na mwisho tarakimu za Kirumi III zikifuatiwa na nyota ndogo.

Mtu asiye na subira ataishia kwenye 1917, lakini mimi napenda kila alama itoe ushahidi wake peke yake, kwa sababu mwaka ni rahisi kufutika au hata kuchongwa upya na mjanja. Herufi G.R. zinamtaja Mfalme George. Kabla yake walipiga E.R. kwa Edward, aliyetawala Uingereza kuanzia 1901 hadi 1910, na kabla ya hapo V.R. kwa Malkia Victoria. B.S.A. ni kiwanda cha Birmingham. SHT. L.E. ni kifupi cha Lee-Enfield fupi, ambayo Waingereza hawakuwa nayo kabla ya miaka ya mwanzo ya karne ya ishirini, na toleo la tatu lilikubaliwa mwaka 1907. Ile nyota, ambayo wengi huidhania pambo, ndiyo inayonifurahisha zaidi: iliidhinishwa rasmi mwaka 1916, Vita Kuu ya Kwanza vilipowalazimisha kurahisisha utengenezaji, wakaondoa kibamba cha kuzuia risasi za magazini, yaani kisanduku cha risasi, na vilengeo vya pembeni vya masafa marefu. Mkiangalia hapa ubavuni, vilengeo hivyo havipo. Kwa hiyo hata kama mwaka ungekuwa umefutika kabisa, taji na nyota peke yake zingetuambia kwamba mwili huu, yaani chuma kikuu kinachobeba bolti, haukutengenezwa kabla ya vita hivyo.

Ni zaidi ya miaka ishirini baada ya Lugalo.

Bunduki ya Lugalo ingekuwaje? Askari wa Wajerumani wakati ule walibeba Mauser ya mwaka 1871, yenye kipenyo cha milimita 11, inayotumia baruti nyeusi yenye moshi mwingi, na isiyo na magazini, yaani kila risasi huingizwa kwa mkono. Chapa yake ingekuwa Mod. 71 kwa herufi za Kijerumani za kale upande wa kushoto wa mwili, pamoja na jina la kiwanda kama Spandau, Danzig au Amberg. Hii iliyo mbele yetu ina magazini ya risasi kumi na hutumia risasi ya inchi 0.303. Hazifanani hata kwa mbali.

Sasa tuhamie kwenye mtutu. Upande wa kushoto, karibu na mahali unapoingia mwilini, kuna tarakimu 42. Maana yake ni kwamba mtutu wa awali ulichakaa, ukabadilishwa wakati wa Vita Kuu ya Pili. Hapa ndipo swali la "bunduki hii ni ya mwaka gani" linapokuwa gumu kidogo, kwa sababu mwili ni wa 1917, mtutu ni wa 1942, na bolti ina namba isiyolingana na ya mwili, kwa hiyo imetoka kwenye bunduki nyingine. Jambo hilo la bolti si la historia tu: bolti ya kuazima inaweza kuacha nafasi isiyo sahihi nyuma ya ganda la risasi, na ganda likapasuka usoni pa mpigaji. Mzee, nakuomba usiifyatue mpaka fundi wa silaha anayetambulika aipime.

Nijibu pia wale wanaonitumia namba peke yake wakitaka niwape mwaka. Namba bila kiwanda na mwaka haisemi chochote, kwa kuwa viwanda vya Uingereza vilirudia namba kwa kubadilisha herufi za mbele, na Wajerumani kwenye Mauser ya mwaka 1898 walianza kuhesabu upya kila mwaka.

Zimebaki alama mbili ndogo. Ya kwanza ni mishale miwili iliyogusana ncha kwa ncha. Mshale mmoja ni alama ya mali ya serikali ya Uingereza, na ikipigwa miwili hivi maana yake ni kwamba silaha imeuzwa nje ya jeshi. Ya pili, juu ya mtutu, ni taji lenye herufi BNP, alama ya Birmingham ya kuonyesha kwamba silaha ya kiraia imejaribiwa usalama wake, iliyotokana na kanuni za mwaka 1954. Kwa hiyo bunduki hii ilipita kwenye meza ya ukaguzi wa Birmingham ikielekea kwa raia mwaka huo au baadaye. Ni mwaka uleule ambao Gavana Twining wa Tanganyika alilirudisha Kalenga, ilipokuwa ngome ya Mkwawa, fuvu la Mtwa huyo.

Kitako, kwa bahati mbaya, hakina la kusema. Kuna mtu alikipiga msasa na vanishi kikang'aa kama kabati la sebuleni, na chapa zote za mbao zikaondoka. Jamani, msasa muuachie seremala.

Kwa mnunuzi, jibu langu ni kwamba bei ile haina msingi. Ukiitaka, ilipie kama Lee-Enfield ya 1917 iliyofanyiwa matengenezo, tena baada ya bolti kupimwa.

Mzee alikaa kimya kidogo, kisha akaingia ndani na kutoka na kopo la chai lenye kitabu cha leseni cha marehemu baba yake. Ukurasa wa kwanza, mnaweza kuuona hapa, una muhuri wa mwaka 1958.