RxJS kwenye mtandao wa kusuasua: uzoefu wangu Mwanza

Nimeitumia RxJS kujenga programu ya bei za samaki kwa wafanyabiashara wa Mwaloni, Kirumba, na naipendekeza. Ni maktaba ya bure ya JavaScript. Kila kinachotokea, iwe kitufe kuguswa, herufi kuandikwa au jibu kurudi kutoka kwenye seva, inakichukulia kuwa sehemu ya mkondo. Wewe unaeleza mkondo uchujwe vipi na uunganishwe na upi.

Kilichonishawishi ni sehemu ya kutafuta. Mnunuzi anaandika "sangara", anafuta, anaandika "sato". Huku ziwani, hasa ukiwa kwenye kivuko cha kwenda Nansio, mtandao ukisuasua swali la kwanza linaweza kujibiwa baada ya la pili. Programu isiyo na kinga itaweka bei ya sangara chini ya jina la sato, na mtu ameshashika fedha mkononi! Kwa RxJS, debounceTime(300) inasubiri kidole kitulie milisekunde 300 ndipo swali liende. Kisha switchMap inaachana na swali la zamani mara jipya linapoingia, hivyo jibu lililochelewa halina pa kupenya. Mistari michache tu, na bei iliyo kwenye skrini ni ya samaki aliyeulizwa. Kwangu hilo peke yake linatosha kuichagua.

combineLatest nayo naipenda: bei ya kilo mkondo mmoja, uzito mkondo mwingine, jumla inajibadilisha yenyewe. Ila haitoi kitu mpaka kila mkondo uwe umetoa thamani yake ya kwanza, kwa hiyo weka startWith, inayoupa mkondo thamani ya kuanzia.

Ugumu upo. Opereta, yaani vitendaji vya kushughulikia mikondo kama switchMap, ni nyingi mno na majina yanafanana. Kutuma oda za dagaa usitumie switchMap, maana oda ya pili itaikatisha ya kwanza kabla jibu halijarudi. Tumia concatMap, huzipeleka kwa foleni. Na mkondo usio na mwisho lazima uufunge mtumiaji anapohama ukurasa, kwa takeUntil kwa mfano, la sivyo unaendelea kula kumbukumbu ya simu, na simu nyingi za pale sokoni ni za bei nafuu.

Wapo wanaosema hii si FRP halisi (functional reactive programming, mtindo wa kuandika programu kwa thamani zinazobadilika kadiri muda unavyopita), na wana hoja. Conal Elliott na Paul Hudak walipoieleza mwaka 1997 kupitia Fran, mfumo wao wa picha zinazotembea, muda ulikuwa unatiririka bila kukatika. RxJS inashughulika na matukio yanayokuja moja moja. Kwa bei za samaki sioni pengo lolote, kwani bei yenyewe hubadilika kwa matukio.

Kama programu yako ni fomu moja na kurasa mbili, usijitwishe mzigo huu. Kama unatumia Angular, mfumo wa kujengea programu za wavuti, tayari unayo: anza na map (hugeuza kila thamani ya mkondo kuwa nyingine), debounceTime, switchMap na takeUntil, nyingine zisubiri mpaka kazi izidai.