Sauti ndogo kwenye hedifoni: uzoefu wangu na fundi simu wa Ngamiani

Sauti ya simu kwenye hedifoni ikipungua, mulika tundu kwanza. Kabla hujanunua hedifoni nyingine, kabla hujapakua programu ya kuongeza sauti, chukua tochi uangalie ndani ya lile tundu la pini kuna nini. Nalisema kwa mkazo kwa sababu hapa Tanga naona watu wanatolewa pesa nyingi kwa tatizo ambalo fundi mtulivu analimaliza ukiwa umekaa pale pale unamsubiri.

Kazi yangu ni ushonaji, kibanda chetu kiko Ngamiani kwenye hizi barabara zetu za namba. Cherehani za umeme zikinguruma zote kwa pamoja, bila hedifoni husikii kitu, na mimi bila kusikiliza siku haiendi. Asubuhi darsa, mchana taarab ya zamani ya Black Star na Lucky Star, na Coastal Union wakicheza nataka kumsikia mtangazaji neno kwa neno. Kwa hiyo sauti ilipoanza kufifia niliumia kwelikweli.

Nieleze ilivyokuwa, maana dalili zenyewe ndizo zilizotoa jibu. Sauti haikupungua kwa nyimbo zote sawasawa. Kwenye taarab za siku hizi kinanda na magitaa vilisikika, tena vizuri tu, lakini mwimbaji yuko mbali, kama anaimbia chumba cha pili. Taarab za zamani zilikuwa zimezimika karibu zote. Mtangazaji wa mpira ndiyo kabisa, unasikia mnong'ono. Nikapandisha sauti mpaka mwisho, hakuna nafuu. Hedifoni ile ile nikaichomeka kwenye simu ya mwenzangu wa kibandani, ikalia safi. Hedifoni yake nikaichomeka kwangu, ikafifia vile vile. Hapo nikajua tatizo liko kwenye simu.

Duka la kwanza nililokwenda silitaji. Kijana aliishika simu, hakuchomeka hata hedifoni, akasema aisii ya sauti, yaani chipu ya ndani ya simu inayoendesha sauti, imekufa, nilete shilingi 45,000 na simu ilale. Nikachukua simu yangu nikaondoka. Mtu anayekutajia bei kabla hajasikiliza tatizo, mimi simwachii kitu changu.

Fundi wa pili ana meza ndogo tu nje ya duka la vitambaa, si mbali na sisi. Tukasalimiana, akaniuliza, "Dada, hii hedifoni umeijaribu kwenye simu nyingine?" Nikamwambia nimeijaribu na inalia. "Na ukiichomeka hapa, pini inazama yote?" Swali hilo hakuna aliyekuwa ameniuliza. Akachomeka, akanionyesha kwa ukucha: kati ya pini na simu palibaki mwanya mwembamba, kama unene wa vitenge viwili vilivyokunjwa pamoja. Kwa macho ya haraka huwezi kuuona.

Akazima simu. Akachukua kijiti cha meno akakichonga kwa wembe mpaka kikawa chembamba, akamulika tundu, akaanza kukizungusha pembeni taratibu bila kusukuma. Hatumii sindano wala pini ya chuma, kwa sababu ndani ya tundu kuna vibati vidogo vya springi vinavyoshika pini ya hedifoni, na chuma kikivikwaruza au kuvipinda basi hapo ndipo aisii inaposingiziwa. Kilichotoka kilinishangaza. Kwanza vumbi la kijivu, halafu kidonge kigumu kilichoshindiliwa kama ugoro, na nilipokikwangua kwa kidole nikaona nyuzi: nyekundu ya satini, nyeupe ya kanzu, na kipande cha njano cha dera nililoshona zamani. Simu yangu inakaa kwenye mfuko wa mbele wa aproni, na mfuko huo ndiko vinakoangukia vipande vyote vya uzi. Kila nilipochomeka hedifoni nilikuwa naushindilia uchafu chini.

Alipomaliza akalowesha brashi ndogo kwa spiriti safi, akapitisha ndani, akaacha ikauke kabisa ndipo akawasha. Kwenye ncha ya brashi palikuwa na rangi ya kijani kidogo. Hiyo, alisema, ni kutu ya vibati, na kwa upepo wetu huu wa bahari wenye chumvi na jasho la mfukoni, anaiona kila siku. Alinikataza pia kupuliza kwa mdomo, kwa sababu pumzi ina unyevu na unyevu ndio unaoleta kutu yenyewe.

Nilimuuliza kwa nini mwimbaji alipotea na kinanda kikabaki, na maelezo yake ndiyo yaliyonifanya niandike. Pini ya hedifoni ya milimita 3.5 ina mapete. Ncha inabeba sauti ya kushoto, pete inayofuata ya kulia, nyingine ni waya wa pamoja unaorudisha umeme kutoka pande zote mbili, na hedifoni zenye maiki zina sehemu ya nne. Pini isipozama vizuri, waya wa pamoja hauguswi sawasawa. Hapo spika mbili za hedifoni zinakuwa kama zimeungwa mkia kwa mkia, na unachosikia ni tofauti tu kati ya kushoto na kulia. Chochote kilichorekodiwa sawa pande zote mbili kinajifuta. Mwimbaji karibu kila mara huwekwa katikati, kwa hiyo anafutika yeye, na vyombo vilivyosogezwa pembeni vinabaki. Rekodi nyingi za zamani ni mono, kushoto na kulia ni kitu kimoja, ndiyo maana zilizimika karibu zote. Na mtangazaji wa redio hali kadhalika. Muda wote huo nilikuwa nikidhani kanda za zamani zilirekodiwa vibaya, kumbe wazee wa watu walirekodi vizuri tu.

Kutokana na hilo kuna kipimo unachoweza kukifanya mwenyewe nyumbani. Ingia kwenye mipangilio, sehemu ya ufikivu (Accessibility), uwashe sauti ya mono. Ukiwasha na sauti ikafifia zaidi, karibu kupotea, basi pini haigusi vizuri au waya wa pamoja umekatika. Ikibaki vile vile, tafuta kwingine. Hapo hapo kwenye ufikivu kuna mstari wa kugawa sauti kushoto na kulia, uangalie uko katikati. Wengi unasogea bila wao kujua, wakadhani upande mmoja umekufa.

Fundi hakuishia kwenye tundu. Alivua mipira ya hedifoni, ile inayoingia sikioni, akanionyesha wavu mdogo wa chuma uliozibwa na nta ya masikio. Hii inasafishwa kwa brashi kavu, wavu ukiwa umeelekea chini ili uchafu udondoke badala ya kuingia kwenye spika. Akanibadilishia na mipira, maana ile niliyokuwa nayo ilikuwa midogo kwa sikio langu. Mpira usipoziba, besi yote inatoka nje na kelele ya cherehani inaingia, na wewe unapandisha tu sauti. Kwa kazi kama yangu hili la mpira ni kubwa kuliko watu wanavyolichukulia.

Shangazi yangu wa Chumbageni alikuwa na tatizo linalofanana lakini simu yake ni Samsung na tundu lilikuwa safi. Kwake ilikuwa mipangilio: kwenye sehemu ya sauti kuna kikomo cha sauti ya midia, kilikuwa kimewashwa, kikazimwa, basi. Kwenye iPhone kitu hicho kiko sehemu ya usalama wa hedifoni, kwenye mipangilio ya sauti, na kinapunguza sauti yoyote inayopita desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) ulizochagua. Wenye hedifoni za Bluetooth nao wana jambo lao. Simu ina sauti yake na hedifoni ina sauti yake, na zisipoelewana unaweza kuwa umefika mwisho kwenye simu wakati hedifoni iko nusu. Kwenye Android unagonga nambari ya muundo (Build number) mara 7 kwenye maelezo ya simu, chaguo za wasanidi zinafunguka, na humo kuna swichi ya kutenganisha sauti hizo mbili. Ukishatenganisha, pandisha hedifoni kwanza, kisha simu.

Kuhusu programu za kuongeza sauti, sizipendekezi. Sauti ya kidijitali ina dari yake. Wimbo uliorekodiwa kwa nguvu tayari umeshafika darini, na ukiusukuma zaidi vilele vinakatwa na unasikia mikwaruzo. Zinasaidia pale tu rekodi yenyewe ilipo chini, kwa mfano darsa iliyorekodiwa kwa simu kutoka mwisho wa msikiti. Kwa rekodi kama hizo mimi natumia VLC, programu ya kuchezea muziki na video, ambayo ni ya bure na inakuruhusu kufika asilimia 200. Zile nyingine zilizojaa matangazo na kuomba ruhusa ya kusoma majina ya watu kwenye simu, za nini?

Na wapo wanaoazima hedifoni kubwa za studio wakashangaa zinalia kidogo kwenye simu. DT 770 Pro ya Beyerdynamic, kwa mfano, inauzwa ya ohm 32, ya ohm 80 na ya ohm 250; ohm ni kipimo cha ukinzani wa umeme. Shemeji yangu anayerekodi kaswida ana hiyo ya 250, na simu haina nguvu ya kuisukuma. Hapo hakuna kilichoharibika, hedifoni hiyo inahitaji mashine yake ya kuongeza nguvu, amplifaya. Kwa simu, chagua ya ohm 16 au 32.

Sauti iliporudi nilijikuta nasikiliza ikiwa katikati ya mstari, wakati zamani ilikuwa mwisho na haitoshi. Hili nalijali sana, maana fundi cherehani anakaa na hedifoni kutwa nzima. Shirika la Afya Duniani linasema sauti ya desibeli 80 ni salama kwa saa 40 kwa wiki, lakini ikifika desibeli 90 muda huo unashuka hadi saa 4. Wenzangu wa kibandani nimewabadilishia mipira wote wawili, na sasa hawapigiani kelele wakiitana.

Gharama yangu ilikuwa shilingi 3,000 kusafisha na 1,000 ya mipira. Kwa wanaotoka Muheza au Pangani, njooni asubuhi, jioni meza inajaa, na Ijumaa anafunga kabla ya swala. Nimempa nyota nne. Ya tano nimeibakiza kwa sababu hatoi risiti wala dhamana ya maandishi, na simu za wateja zinalala wazi mezani bila hata karatasi ya jina. Nilimwambia hayo ana kwa ana, akasema atatafuta daftari.