Seti ya treni ya HO kwa mazingira ya Dodoma: uzoefu wangu

Seti ni ya treni ya mfano, ya skeli ya HO, yaani 1:87 (ndogo mara 87 kuliko treni halisi). Kwenye boksi kuna kichwa cha dizeli, mabehewa 3, kona 12 za nyuzi 30 zenye nusu kipenyo cha milimita 457, vipande 2 vilivyonyooka vya milimita 229, na adapta. Kutoka reli hadi reli ni milimita 16.5. Zidisha kwa 87, unapata 1,435, kipimo cha SGR yetu. Anayetaka ile reli ya zamani ya mita moja atafute za milimita 12.

Adapta ni ya volti 120, na umeme wetu ni 230. Usiichomeke kabisa, itaungua. Natumia adapta ya volti 12 DC, ampea 2, pamoja na kidhibiti mwendo cha mota chenye swichi ya kurudi nyuma. Weka fyuzi ya ampea 1, maana behewa likiacha njia, magurudumu ya chuma yanapiga shoti, na ampea 2 zinaweza kuyeyusha plastiki.

Meza: plaiwudi ya milimita 12, futi 4 kwa 8, juu ya fremu ya 2x2 yenye vishikizo kila sentimita 40. Mwambie seremala mbao ziwe zimekauka. Mbao mbichi kwa ukavu wa Dodoma hujipinda, maungio ya reli yakaachia. Meza isiegemee ukuta, kwa sababu mkono haufiki upande wa pili treni ikianguka.

Vipande 2 vilivyonyooka havitoshi. Nunua 8 zaidi, uwe na 5 kila upande, bado utabakiwa na kama sentimita 19 kila mwisho wa meza. Treni ikizubaa upande wa mbali, tatizo ni maungio yanayopoteza umeme, wala si mota. Chomelea kwa risasi jozi ya waya kila baada ya mita moja, mwekundu reli ya nje, mweusi ya ndani. Ukizichanganya rangi hata mahali pamoja tu, shoti.

Adui mkubwa hapa ni vumbi, hasa miezi ya upepo. Taa ya kichwa inaanza kupepesa, treni inashtuka-shtuka, na ukiigeuza unaona utepe mweusi kuzunguka magurudumu. Futa reli na magurudumu kwa kitambaa cha pamba chenye spiriti ya duka la dawa. Steel wool marufuku: nyuzi zake huvutwa na sumaku ya mota. Usipocheza, funika meza yote kwa shuka.

Kwa mandhari, udongo wetu mwekundu unapendeza kuliko unga wowote wa dukani. Uchekeche kwa chujio la chai, kisha pitisha sumaku, kwani una chembe za chuma. Gundi nyeupe na maji nusu kwa nusu, tone la sabuni ya vyombo, basi.

Daraja la njia kupita juu ya njia sahau. Linataka kimo cha sentimita 7.5. Kwa mwinuko wa asilimia 2 ni mita 3.75 kupanda na 3.75 kushuka, na mzunguko mzima hapa ni kama mita 5.2. Mabehewa marefu ya sentimita 30, kwa wapenzi wa Mchongoko (treni ya umeme ya SGR), nayo yatavutana na kuacha njia kwenye kona hizi. Yanahitaji nusu kipenyo cha karibu sentimita 90, na hapo plaiwudi moja haitoshi.