Nairobi Gallery: Jengo la 1913 na Waliolikalia

Mtu anayeifuata Kenyatta Avenue hadi inapokutana na Uhuru Highway, jijini Nairobi, kwa kawaida hukiona kitu kimoja tu, nacho ni Nyayo House, jumba la orofa 27 ambalo watu huliendea kutafuta pasipoti. Miguuni pa jumba hilo pamechutama jengo la mawe, fupi, lenye kuba, ambalo wengi wetu tumelipita miaka mingi tukidhani ni ofisi nyingine ya serikali. Tulidhani sawa, ila tulichelewa, kwani ofisi ilihama na sasa jengo ni jumba la sanaa linaloendeshwa na Makavazi ya Kitaifa.

Nilifika hapo mara mbili. Mara ya kwanza nilikuwa katika matembezi ya kulipia yaliyoandaliwa na kampuni moja ya utalii, ambayo sitaitaja, na kiongozi wetu alituambia kwa uhakika mkubwa kwamba hiki kilikuwa kituo cha kwanza cha reli, kisha akatuhimiza twende kwa sababu chakula cha mchana kilikuwa kinapoa. Jengo hili halikuwahi kuwa kituo cha reli. Nilirudi peke yangu wiki mbili baadaye, nikakaa saa mbili na nusu, na ninayoyaeleza hapa yanatokana na ziara hiyo ya pili.

Jengo lilikamilika mwaka 1913, wakati barabara iliyo mbele yake ingali ikiitwa Sixth Avenue. Baadaye ikawa Delamere Avenue, na baada ya uhuru ikapewa jina la Kenyatta. Wapangaji wake wa kwanza walikuwa maofisa wa idara iliyoshughulikia mambo ya “wenyeji”, yaani sisi, na kwa miongo mingi likawa ofisi ya Mkuu wa Mkoa. Humo ndimo vizazi, ndoa na vifo vilimoandikishwa, na Waingereza wa mjini, ambao hawakukosa mzaha, wakalibandika jina la utani lenye vina ambalo kwa lugha yetu lingekuwa kama “Kuanguliwa, Kuozwa na Kusafirishwa”. Mzaha huo una ukali wake ukikumbuka kwamba uandikishaji wa lazima wa vizazi na vifo vya Waafrika ulienea nchini baadaye sana. Karatasi iliyomhusu Mwafrika zaidi ilitolewa hatua chache kutoka hapo, katika Kipande House, jengo jingine la mwaka huohuo wa 1913 lililoko kwenye barabara hiyohiyo. Huko ndiko wanaume walikopewa kipande, yaani kitambulisho cha lazima cha enzi ya ukoloni, wakakivaa shingoni ndani ya kikebe cha chuma ambacho Wakikuyu walikiita mbugi, kengele ya mbuzi. Ushauri wangu kwa mgeni ni ayaangalie majengo haya mawili kwa safari moja, kwa kuwa kila moja linaeleza nusu iliyokosekana katika jingine.

Ndani, ukumbi wa katikati una pembe nane, na vyumba vimepangwa kuuzunguka. Simama katikati, chini ya kuba, useme neno moja kwa sauti ya kawaida. Neno hilo litakurudia likiwa limenenepa. Nilijaribu kwa kusema “hodi”, mlinzi akacheka akajibu “karibu”, na kwa dakika hiyo nikapata picha ya jinsi karani wa zamani alivyomsikia kila aliyeingia kabla hata ya kumwona. Ni usanifu wa mamlaka, na haujaribu kujificha. Hata hivyo ni lazima nikiri kwamba ni mzuri: kuta nene zinaufukuza mngurumo wa magari ya Uhuru Highway, na joto la mchana linabaki nje.

Kilichonifanya niandike mapitio haya, hata hivyo, ni mkazi wa sasa. Vyumba vinavyozunguka ukumbi vimehifadhi sehemu ya mkusanyiko wa Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa pili wa Rais wa Kenya kwa miezi michache tu mwaka 1966. Murumbi alizaliwa Eldama Ravine mwaka 1911, baba yake akiwa mfanyabiashara kutoka Goa na mama yake Mmaasai. Alikuwa kaimu katibu wa chama cha kisiasa cha Kenya African Union (KAU) baada ya viongozi wake kukamatwa mwaka 1952, kisha akaishi uhamishoni London kwa miaka mingi. Mtu ambaye idara ya jengo hili ingepata taabu kuamua imwandike katika daftari lipi ndiye ambaye vitu vyake vimelijaza leo. Sijui kama waliolipanga walikusudia dhihaka hiyo, lakini imewatokea vizuri kuliko maandishi yoyote ya ukutani.

Yeye na mkewe Sheila walikusanya vitambaa, mapambo, vinyago, vitabu na stempu. Mimi si mtu wa stempu, ila hapo ndipo nilipokaa muda mrefu kuliko pengine pote: vikaratasi vya Afrika nzima vyenye meno ukingoni, kila kimoja kikiwa ni dola inayojitangaza kwa ukubwa wa ukucha. Mwaka 1972 Murumbi alishirikiana na Mmarekani Alan Donovan kuanzisha African Heritage, duka na jumba la sanaa lililokuwa kwenye barabara kuu hiyohiyo, kwa hiyo unaweza kusema mali imerudi mtaani kwake. Nyumba ya Murumbi mtaani Muthaiga haikuwa na bahati hiyo. Serikali iliinunua kwa wazo la kuifanya kituo cha utafiti, na mwishowe ikabomolewa.

Kuhusu mambo ya kawaida ya ziara: nenda kwa miguu au ushukie mjini, maana maegesho ya eneo lile ni mtihani. Kiingilio cha raia ni nafuu kuliko cha mgeni. Ukiwa nje, tafuta alama ya sifuri, ambayo ndiyo mahali umbali wa kutoka Nairobi ulikopimiwa. Watoto huifurahia zaidi ya vinyago vyote. Jumba ni dogo, na anayetaka maonyesho makubwa ya kutembea nusu siku atoke hapo aende kwenye makavazi makuu ya Museum Hill. Kwa upande wangu udogo huo ni faida, kwa sababu unaweza kurudi mara ya pili katika chumba kilekile bila kuchoka.

Ukibakiwa na muda, shuka hadi Moi Avenue, kwenye Hifadhi ya Nyaraka za Kitaifa, ambako ghorofa ya chini ina sehemu kubwa zaidi ya mkusanyiko wa Murumbi. Jengo hilo nalo lilianza maisha likiwa benki, Bank of India, na kaburi la Murumbi mwenyewe liko City Park, karibu na la rafiki yake Pio Gama Pinto, mwanasiasa aliyeuawa Februari 1965.