Chama cha wakaazi mtaani kwetu: mia tatu kwa mwezi, yafaa ama yapotea?

Nawapa nyota tatu na nusu kwa tano, na kabla mtu hajaniuliza hiyo nusu ni ya nini, ni ya sekritari peke yake, manake bila yule mama hicho chama kingekuwa ni grupu ya WhatsApp ya kutangaziana mazishi na "maji yamekuja jazeni". Jina la chama silitaji na mtaa pia siutaji, ni hapa kisiwani Mombasa, wenyewe wakisoma watajijua.

Wengi wakisikia chama cha wakaazi wafikiria soja wa geti, takataka na taa za barabarani. Hayo yapo, ni ya kawaida tu, soja analala, taa ikiungua yakaa mpaka watu waanze kutukanana. Mimi naandika kuhusu kitu kimoja ambacho ndicho chanifanya nitume hiyo mia tatu kila mwezi bila kunung'unika, nacho ni pale mtu anapotaka kujenga. Mtaa wetu ni wa zile nyumba za zamani za chini, ploti kubwa, miembe na mikungu uani, sasa mzee wa nyumba akifariki watoto wanauza wagawane, na anaenunua hataki nyumba, ataka ardhi. Zunguka Kizingo ama Nyali uone mambo yashafika wapi, palipokuwa na familia moja sai pana jengo zima, na barabara ya kuingilia ni ile ile ya tangu zamani.

Sasa kitu ambacho watu hawajui ni kwamba kabla developa hajaleta hata mchanga, jirani ana nafasi yake ya kusema. Mtu akitaka kubadilisha matumizi ya ploti, tuseme ilikuwa nyumba ya kukaa ataka iwe fleti na maduka, yatoka notisi kwa gazeti na kibao pale pale kwenye ploti, na notisi yasema mwenye maoni ama pingamizi ampelekee mkurugenzi wa mipango wa kaunti ndani ya siku 14. Siku 14 si kitu. Ukisafiri kwenda harusi Lamu ukikaa kidogo ukarudi zishaisha. Na hizo notisi mwajua zinavyowekwa, kwa gazeti ziko huko nyuma kabisa pamoja na hati zilizopotea na watu wanaobadilisha majina, herufi kama sisimizi, na kile kibao utakikuta kimefungwa mahali ambapo lazima ushuke kwa tuktuk uinue tawi ndo ukione.

Hapo ndo sekritari wetu alipopata nusu yake. Ni mwalimu mstaafu, gazeti analianzia nyuma, na jioni akitoka kutembea akiona kibao kipya apiga picha kwanza aulize baadae. Mimi kabla ya yeye kushika hio kazi nilikuwa najua kuna ujenzi siku tingatinga linapoingia, na siku tingatinga linaingia ushachelewa, utabaki kupiga kelele ukutani tu.

Mfano niliouona mwenyewe. Kuna ploti ya kona hapa iliuzwa, ikatoka notisi, ghorofa kumi na maduka chini. Grupu ikawaka moto usiku ule. Mmoja ataka maandamano, mwengine asema wataletwa walevi, kaka mmoja kule mwisho wa barabara akasema kila anachojua kuhusu huyo developa na ukoo wake mpaka admini akamfungia, na wazee wakaleta lao, ambalo mimi nalielewa sana, kwamba ghorofa kumi ni macho kumi yanayoangalia uani kwako na wanawake wako ndani wanaanika nguo hawajajifunika. Sekritari akajibu kwa ujumbe wa sauti, bila haraka, "Wanangu, yote haya nimeyasikia, sasa mniachie mimi niandike, manake tukipeleka matusi wataweka matusi kwa faili na jengo litasimama."

Barua ilikuwa kurasa tatu na wallahi ile barua ndo yenye thamani kwa chama chote. Hakuna mahali palipoandikwa hatutaki. Alianza na maji. Mombasa hatuna maji yetu, tunayokunywa yatoka Mzima, Baricho, Marere na Tiwi, na kila mtu hapa ajua mfereji wake unatoa mara ngapi, sasa akauliza jengo lenye watu wengi hivo litakunywa nini, na kama jibu ni kuchimba kisima, kichimbwe wapi na visima vya majirani vitabaki na nini, manake hapa kwetu vingi vishaanza kuingia chumvi. Akaja kwa choo. Mtaa hauna laini ya maji taka, kila nyumba ina shimo lake, na kisiwa hiki chini ni mwamba wa matumbawe, una matundu, kinachomwagika kwa shimo hakikai pale, chatembea. Kwa hiyo swali lake likawa rahisi tu, shimo la choo la fleti zote hizo liko wapi kwa ramani na ni mita ngapi mpaka kisima cha jirani wa kwanza? Ile ramani haikuonyesha. Hapo ndo nikajua huyu mama si wa kuchezewa.

Halafu barabara, akaipima yeye na kijana mmoja na tepu, akaandika gari la zimamoto haliwezi kugeuka pale kukiwa na gari hata moja limeegeshwa pembeni, na maduka yote yale hayana pakingi ndani, maana yake wateja watapaki barabarani. Na lile la wazee kuhusu uani hakuliacha, ila alilivua hasira akaliandika ki-ufundi, nafasi ya kuacha mpakani na madirisha ya upande unaotazama nyumba za chini yakae juu ama yawekwe kioo cha kuficha. Mzee mmoja aliposomewa akasema haya ndiyo niliyoyasema mimi. Ndiyo mzee wangu, isipokuwa wewe uliyasema na fimbo mkononi.

Majibu? Ruhusa ilitoka. Naam ilitoka, na kuna wanachama mpaka leo wanasema tulishindwa na hela zetu zimeliwa. Lakini ilitoka na masharti, ghorofa sita badala ya kumi, pakingi ndani ya ploti, na mpango wa maji taka uletwe kabla ya msingi kumwagwa. Mimi naona ni ushindi mkubwa kwa mia tatu. Ukijiunga na chama ukidhani kitamzuia mtu asijenge kwenye ardhi yake utaumia roho bure, hicho chama hakina nguvu hiyo, ofisi ya mipango ndiyo yenye kuamua, chama kazi yake ni kuhakikisha yule anaeamua ameyaona matatizo kwa maandishi, yamepigwa muhuri wa kupokelewa, asije akasema hakujua.

Na hio ya muhuri nisiipite. Sheria tunayotumia ni ile ya mipango na matumizi ya ardhi ya 2019, na ndani yake kuna kipengele ambacho kila mkaazi wa mji huu angefaa akijue: aliyeomba ruhusa ya kujenga akikaa siku 60 hajajibiwa kwa maandishi, yahesabiwa kama amepewa. Yaani kunyamaza ni kukubali, kama bibi harusi (sisi watu wa pwani hili halitushangazi). Kwa hivyo kupeleka barua halafu kwenda kulala haisaidii, kuna mtu lazima awe anaifuata faili, kwenda kuuliza, kurudi, kwenda tena. Chama chafanya hivyo. Mimi na kazi yangu nisingeweza, na jirani yangu mwenye duka asingeweza, hapo ndipo hela inapokwenda hasa, nauli na fotokopi na mtu kukaa kwenye benchi.

Ruhusa ikitoka na hamkuridhika, kuna siku 14 zengine za kukata rufaa kwa kamati ya kaunti inayosikiza mambo ya mipango, na baada ya hapo Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Kama shida ni leseni ya NEMA, ile mamlaka ya taifa ya mazingira, hiyo ina baraza lake la rufaa na siku zake ni 60. Chama chetu hakijawahi kufika huko, na nadhani hakina mfuko wa kufika, wakili si mia tatu. Lakini wanaosema hizi barua ni kazi bure wakumbuke Lamu, mwaka 2019 lile baraza lilifuta leseni ya mtambo wa makaa ya mawe, mradi wa megawati 1,050 sio kibanda cha mahamri, na sababu kubwa ilikuwa wananchi hawakushirikishwa inavyotakikana. Na upande wa pili wa mambo ni Owino Uhuru hapa hapa Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kikawekwa ukuta kwa ukuta na nyumba za watu, watoto wakaingia madini ya risasi (lead) kwenye damu, mpaka mwanaharakati Phyllis Omido na wakaazi wakapigana miaka na mwaka 2020 korti ikasema walipwe shilingi bilioni 1.3. Angalia tofauti, huku pingamizi kabla, kule kesi baada ya watu kuzikwa.

Sasa nyota moja na nusu niliyowanyima.

Nyingi yake ni kwa sababu ya wapangaji. Mpangaji hapa mtaani analipa mia tatu ile ile, ya soja na takataka, lakini kwenye mkutano wa mambo ya ujenzi anaambiwa akae asikize, kura ni ya mwenye hati. Kuna dada mmoja mpangaji, nyumba yake ndiyo inayopakana na hiyo ploti ya kona, mtoto wake ana pumu, aliposimama kuuliza kuhusu vumbi na saa za kazi mwenyekiti akamwambia "mwanangu, mwambie mwenye nyumba wako aje aseme." Mwenye nyumba wake yuko Dubai! Anaepumua lile vumbi ni nani? Na sheria yenyewe haiulizi hati, notisi yasema mwenye maoni, mtu yeyote, yule dada angeweza kwenda mwenyewe na barua yake ikapokelewa (na alienda, sekritari alimsaidia pembeni, ila kwa jina lake sio la chama). Hili laniudhi zaidi kwa sababu ni Mombasa. Hapa kuna mitaa mizima, nenda Majengo, mtu ana nyumba aliyojengewa na babake lakini ardhi ni ya mwengine, nyumba bila ardhi, analipa kodi ya kiwanja maisha yake yote. Chama chenye masharti kama yetu huko kingekuwa na wanachama wangapi, watatu?

La pili, wakali kwa wageni, wapole kwa wenyewe. Mmoja wa kamiti ameongeza ghorofa juu ya nyumba yake, kibao cha mkandarasi hakuna, notisi sikuiona na sekritari hakuiona, na chama kikanyamaza kimya. Kujenga bila ruhusa faini yake kisheria yafika shilingi 500,000 ama kifungo, si siri, wenyewe ndio waliotusomea hayo mkutanoni wakimlenga yule developa. Nilipouliza kwa grupu nikajibiwa na emoji ya mikono ya dua.

Hesabu zao ziko sawa kiasi, risiti ya M-Pesa inakuja, mwisho wa mwaka wasoma karatasi moja haraka haraka kabla ya chai. Mikutano yawekwa baada ya Isha, wanawake wengi hawafiki, ukilalamika waambiwa mbona hamji. Grupu yenyewe naipa sifuri, ukitafuta barua ya mwezi uliopita waipita video za daktari wa vitunguu saumu mpaka kidole kichoke, wangefungua faili moja tu mahali watu waweke hizo notisi na barua.

Kama wewe una nyumba mtaani kwetu, ya kununua ama ya urithi kama mimi, jiunge. Kama wapanga, lipa ya takataka, halafu chukua namba ya sekritari moja kwa moja, usipitie kwa kamiti. Sai kuna kibao kipya kule barabara ya juu, kituo cha petroli, mita chache kutoka madrasa, na siku zishaanza kuhesabiwa. Barua ya chama iko kwake tayari, asubuhi kabla ya saa nne yuko barazani, na hii safari amesema wapangaji watasaini karatasi yao wenyewe na itabanwa pamoja na ya chama, mwenyekiti apende asipende. Nendeni na kopi ya kitambulisho.