Coltrane au Rollins: uanze na nani?

Vijana wanaojifunza saksafoni huniuliza wamsikilize nani kwanza. Mabingwa hawa wawili wa Marekani waliwahi kurekodi pamoja mwaka 1956, lakini makuzi yao ni mbingu na ardhi.

John Coltrane alizaliwa 1926 Hamlet, North Carolina. Babu zake wote wawili walikuwa wachungaji, na mimi husikia ibada katika kila pumzi yake. Baba alifariki yeye akiwa na miaka 12. Alisomea muziki Philadelphia, akajiunga na bendi ya mpiga tarumbeta Miles Davis 1955. Heroini ilimfukuzisha kazi 1957. Mwaka huohuo akaiacha. Alifariki 1967, ana miaka 40 tu.

Sonny Rollins, mzaliwa wa Harlem, mtaa wa New York, 1930, alikulia katikati ya jazi, huku wazazi wake, wenyeji wa Visiwa vya Virgin, wakimrithisha kalipso, muziki wa Karibi. Mwaka 1959, tayari ana jina kubwa, aliacha majukwaa kwa sababu hakuridhika na upigaji wake. Nyumbani alichelea kumsumbua jirani mjamzito, basi akawa anapanda Daraja la Williamsburg, hukohuko New York, kufanya mazoezi. Mfikirie pale juu, upepo wa mto usoni, treni zinanguruma pembeni, naye anarudia sauti zilezile kwa saa nyingi, kiangazi na baridi. Alirudi jukwaani 1961, akaendelea hadi 2012.

Anza na Rollins. Huchukua kiitikio chepesi akakigeuza taratibu, sikio likamfuata. Coltrane hukumwagia sauti kama mvua ya masika. Mwendee ukishaizoea ala yako.