Archive.org kwenye simu, vitabu vya mtumba Makoroboi: maoni yangu

Wadau habari zenu. Naona watu wanabishana sana siku hizi eti kitabu cha karatasi kimeshakufa kila kitu kiko mtandaoni, sasa mimi natumia vyote viwili hapahapa Mwanza, acha niseme ninavyoviona, nianze na archive.org halafu nije kwa mzee mmoja anayeuza vitabu vya mtumba maeneo ya Makoroboi.

Archive.org kwa asiyeijua ni maktaba ya mtandaoni, aliianzisha Mmarekani mmoja Brewster Kahle mwaka 1996, makao yao San Francisco, na kusoma hulipi hata mia. Vitabu vya zamani ambavyo hakimiliki imeisha unapakua vinakuwa vyako jumla. Vile vya karibuni unafungua akaunti kwa imeili unaazima, vingi ni saa moja moja unaazima tena, vingine siku 14. Saa moja ni fupi bwana, ndo kwanza umenogewa, ila cha bure utakilalamikia mpaka wapi.

Kilichonimaliza mimi ni habari za ziwa letu, Ziwa Victoria. Kitabu cha Stanley, yule msafiri mpelelezi wa Kizungu, cha 1878, Through the Dark Continent, kipo bure juzuu zote mbili, ni Kiingereza cha kizamani ila kinasomeka. Humo ndo utakuta mashua yake Lady Alice ilivyobebwa vipande vipande kwenye mabega ya wapagazi kutoka Bagamoyo mpaka Kageye, hapo tu upande wa Magu, wakaiunga, na mwaka huohuo wa 1875 akalizunguka ziwa. Sasa mtoto wa Mwanza hiyo nakala ya 1878 ungeipatia wapi jamani, na ukiipata ungeilipia nini? Halafu unaandika "Ukerewe" kwenye kile kisanduku cha kutafuta, sekunde chache kurasa zote zinazoitaja zimejipanga, hapo ndo huwa nasema hawa jamaa wapewe maua yao. Ila ujue kuandika kama wao, Kageye kwa Stanley ni Kagehyi, na Mwanza kwa Speke, mpelelezi mwingine wa Kizungu, ni Muanza, ukikomaa na tahajia ya leo utaambiwa hakuna kitu.

Ushauri mwingine, usidake nakala ya kwanza unayoiona. Kitabu kimoja mara nyingi kina skani kadhaa kutoka maktaba tofauti, nyingine ramani iko wazi vizuri, nyingine imeachwa imekunjwa vilevile huoni kitu. Na PDF zinakula bando, angalia ukubwa kwanza. Mimi napenda zile skani zenye alama za watu, muhuri wa chuo, mistari ya penseli, kuna sehemu msomaji wa zamani kaweka alama ya mshangao pembeni na wewe unajikuta unamuunga mkono.

Ila sasa, wanaosimulia humo ni wageni. Stanley huyohuyo anaeleza bila aibu alivyorudi kisiwa cha Bumbire na bunduki akawamiminia risasi watu waliosimama ufukweni, na kwenye simulizi yake yeye ndo mwenye haki. Ukitaka ziwa linalosimuliwa na mwenye ziwa lake itabidi usogee Makoroboi.

Pale kwa mzee ni turubai chini, vitabu vya sekondari, Biblia, riwaya za Kiingereza zenye mihuri ya maktaba za huko Uingereza, vyote vimechanganyika, ukitaka kitu upige magoti ufukue. Hana bei ya kudumu. Anaangalia viatu vyako kwanza halafu ndo anataja, kwa hiyo nendeni na kandambili. Nilimwambia shikamoo mzee hiki bei gani, akaniitikia marahaba, "kaa kwanza usome, hicho hakiulizwi bei umesimama."

Kilikuwa cha Aniceti Kitereza wa Ukerewe, ile habari ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, chapa ya Tanzania Publishing House ya 1980. Mzee Kitereza alikimaliza kwa Kikerewe mwaka 1945, akaja kukitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, kikatoka 1980, na 1981 akafariki. Miaka 35 mtu anasubiri kitabu chake, aisee! Jalada limepauka, kurasa zina rangi ya chai, ila ndani ni moto, unamkuta Myombekere anahangaikia pombe ya ndizi aliyotozwa na wakwe ili arudishiwe mke, kila hatua ya kuitengeneza imeelezwa mpaka unaisikia harufu. Mimi nilikisomea kwenye meli ya Nansio, bandari ya Ukerewe, katikati ya maji mtandao umekata abiria wote wanainua simu juu, mimi nafunua tu ukurasa.

Na msisahau Oktoba 2024 archive.org walivamiwa na wadukuzi tovuti ikalala siku kadhaa, na kabla ya hapo kesi ya wachapishaji ilishawafanya waondoe vitabu laki tano hivi kwenye kuazimisha. Kwa hiyo ukikipenda kitabu cha bure kule, kipakue mapema, usiache alama tu ukasema utarudi.

Archive.org nyota nne na nusu. Mzee nampa nne, nusu nimeikata kwa sababu ya viatu, nusu nyingine kwa sababu kitabu kile ni juzuu mbili na yeye aliniuzia ya kwanza peke yake, nikimuuliza ya pili ananiambia njoo Jumamosi, Jumamosi nayo ananiambia njoo Jumamosi. Kama kuna mtu anayo ya pili nyumbani imelala tu, tuongee bei.